Wape watoto manowari, si roboti ya mezani

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, kazi za watu zilinibana. Leo hakuna programu humu, ni vita vya majini.

Kuna mchezo ulioanzia Texas, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970. Watu wazima, wenye kazi na watoto, hujenga manowari za mfano, ndogo mara 144 kuliko meli zenyewe. Wanaziendesha kwa rimoti bwawani na wanapigana kwelikweli. Kila manowari ina vibunduki vya gesi vinavyofyatua gololi za chuma za milimita 4.5. Ubavu wake ni ubao laini wa balsa usiofika hata milimita moja, umewekwa makusudi utoboke. Maji yakiingia, pampu iliyo ndani inayatoa. Pampu ikizidiwa, meli inazama, na mwenyewe anavua viatu anaingia kuitafuta.

Nilipoona hayo nilifikiria roboti tunazofundishia watoto hapa Nairobi. Najua shule moja iliyopata sanduku la roboti la msaada. Watoto waliiunganisha kwa wiki moja kwa kufuata picha, ikatembea juu ya meza, wakapiga makofi. Kipande kimoja kilipopotea sanduku likafungiwa kabatini, na liko huko mpaka leo. Roboti ya namna hiyo haimfundishi mtoto kwamba kitu kitaharibika. Sisi tunaoandika programu tunalijua hilo vizuri: kufanya kitu kiende ni nusu ya kazi, nusu iliyobaki ni kukifanya kiendelee kwenda kikishapigwa.

Basi nikaamua kujaribu mwenyewe, nyumbani Kawangware.

Sheria za mchezo huo zinataka meli za nusu ya kwanza ya karne iliyopita, nami nikachagua ya kwetu: SMS Königsberg. Hii ndiyo manowari ya Wajerumani iliyoizamisha HMS Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji hadi ilipomalizwa Julai 1915. Mizinga yake iliopolewa ikaendelea kupigana nchi kavu, na mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, nenda ukaushike.

Sasa hesabu. Meli halisi ilikuwa na urefu wa mita 115, kwa hiyo ya mfano ni sentimita 80. Hapo hakuna shida. Uzito ndio kimbembe, kwa sababu unagawanywa kwa 144 mara tatu, karibu milioni tatu. Tani 3,390 zinakuwa kilo 1 na gramu 135. Bodi, mota, betri, pampu, usukani na kipokezi cha rimoti, vyote humo humo. Ni kama ule wakati tulipokuwa tunaandika programu za simu zenye kumbukumbu ndogo, kila baiti unaihesabu.

Yangu, kwenye mizani ya mwenye duka, ilisoma kilo 1.4, tena bila betri. Niliiweka kwenye karai, ikashuka mpaka sitaha.

Mtoto wa jirani, miaka kama kumi na tatu, fundi wa magari ya waya yenye magurudumu ya slipa kuukuu, alikuwa anatazama. "Anko, mbona mbavu umeweka mbao nzima? Kata katikati, acha mviringo tu." Kisha akaniuliza kwa nini nimefunika ubavu kwa plaiwudi wakati pakiti ya maziwa inazuia maji na haina uzito. Mimi nina shahada, jamani. Siku tatu baadaye bodi lilikuwa chini ya gramu 400.

Vijana wa namna hii wamejaa Kawangware na Kibera. Hawahitaji kuonyeshwa jinsi ya kutengeneza kitu, wanahitaji tatizo gumu zaidi ya gari. Vifaa vipo pia. Mota zinatoka kwenye printa zilizokufa. Betri ni seli za laptopu, tatu zina uzito wa gramu 140 hivi, ila mtu mzima awe karibu wakati wa kuchaji kwa sababu zinaweza kushika moto. Rimoti za mitumba utazipata Toi, lakini angalia: zile za zamani za megahezi 27 mbili zikiwa pamoja, moja inaendesha meli ya mwenzake. Za gigahezi 2.4 hazina ugomvi huo, mradi eriali ikae juu ya maji, maana mawimbi yake hayapenyi majini.

Bunduki nazikataa. Gololi ya chuma inatoboa jicho kama inavyotoboa balsa, na sitaki kumweleza polisi kuwa bomba la gesi linalofyatua chuma ni la kufundishia sayansi. Pendekezo langu: kabla ya kila mzunguko, timu pinzani inapewa msumari na kutoboa matundu matatu popote ubavuni, chini ya mstari wa maji. Halafu mnashindana nani atabaki juu dakika tano. Vita vinabaki, macho yanabaki.

Tatizo ni maji. Kibera iko ukingoni mwa Nairobi Dam, bwawa lililojengwa 1953, ambalo watu waliendeshea mashua za tanga na kuvua samaki kabla ya maji taka, takataka na gugumaji kulivamia. Siwezi kumwambia mtoto avue viatu aingie humo kutafuta meli. Inaniuma kila nikipita pale.

Kinachobaki ni turubai na matofali. Königsberg inazama sentimita nne tu, kwa hiyo kina cha sentimita 15 kinatosha. Bwawa la mita tatu kwa nne linataka lita 1,800, yaani mitungi 90 ya lita ishirini. Sasa nenda Kibera, mahali ambapo mama ananunua maji kwa mtungi, umwambie umemwaga 90 ili watoto wacheze. Mimi nisingethubutu.

Lakini milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita 60 za mraba na mvua ya milimita 30, bwawa limejaa bila mtu kununua hata mtungi, na mechi ikiisha maji yanaenda kufua. Mvua za masika ndizo ninazosubiri. Turubai ninalo, bado propela: ile ya plastiki niliyochonga inarusha maji nyuma vizuri sana, ila meli haiendi. Mwenye kujua kwa nini aniambie.