AFYA YA NYUMBANI: Chakula, Mwendo na Mizani

Mwalimu mmoja ametuletea barua ya kurasa tatu, nasi tumeisoma mara mbili, kwa kuwa jambo lililomo si dogo. Asema kwamba mkewe ana ugonjwa wa sukari, na daktari amemwambia apunguze mwili. Mama yule alitii. Alinunua viatu vya mpira, na kila siku alfajiri, kabla watoto hawajaamka, hutembea saa nzima mpaka njia panda na kurudi. Majirani humcheka, naye hajali. Sasa miezi mitatu imepita, na mizani ya zahanati imeshuka kilo moja tu. Mwalimu atuuliza: je, mwenzangu anakula kwa siri? Twaona ya kuwa nyumba hiyo imeingia maneno kwa ajili ya swali hili.

Basi twajibu kwanza lililo la haraka. Mama huyo asishukiwe. Yaliyompata huwapata watu wengi sana, wala si kwa uvivu wala kwa udanganyifu, bali kwa sababu mwendo peke yake hupunguza uzito kidogo kuliko watu wanavyodhani. Twamwomba mwalimu ayasome haya yafuatayo pamoja naye. Asimsomee kama asomavyo mashtaka.

Neno kalori limo vinywani mwa wengi siku hizi. Maana yake ni kipimo cha joto: kiasi cha joto kinachotosha kuipasha kilo moja ya maji kwa digrii moja. Chakula huungua mwilini kama kuni jikoni, ila polepole, pasipo moshi. Katika miaka ya 1890 mtaalamu Wilbur Atwater, wa chuo cha Wesleyan mjini Middletown, Marekani, pamoja na wenzake, alitengeneza chumba kidogo kilichozibwa pande zote. Mtu alikaa ndani siku kadhaa, akila na kulala na kufanya kazi, na joto lote lililomtoka likapimwa. Ikaonekana kwamba mwili hauna miujiza katika jambo hili: kiingiacho na kitokacho huhesabika. Tangu hapo twajua kwamba gramu moja ya wanga au sukari hutoa kalori 4 hivi, na protini 4, lakini mafuta hutoa 9. Kinachozidi mahitaji, mwili hukiweka akiba kuwa shahamu. Kikipungua, mwili hurudi kwenye akiba ile na kuila. Hata sindano mpya za kupunguza unene, zinazosemwa sana sasa, hufanya kazi hasa kwa kumpunguzia mtu hamu ya kula.

Natufanye hesabu ya mama yetu. Mtu mwenye kilo 70 akitembea saa nzima kwa mwendo wa kawaida hutumia kalori 150 hadi 180 zaidi ya zile ambazo angezitumia akiwa ameketi. Akirudi nyumbani ana njaa na kiu, naye aona amestahili kitu. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori 120. Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari gramu 30 na zaidi, yaani kalori 120 na kitu. Chai yenye vijiko vitatu vya sukari ina 50 au 60 za sukari peke yake, na vitumbua viwili vilivyokaangwa vyaweza kuzidi saa ile nzima ya barabarani. Hakula kwa siri. Amekula mezani, mbele ya watu wote, naye hakujua bei ya kitu alichokula.

Tena kuna ajabu nyingine, nayo ilipatikana hapa Tanzania. Wahadzabe, wakaao karibu na Ziwa Eyasi, huishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Herman Pontzer na wenzake waliwanywesha maji yaliyotiwa alama ya kikemia, wakapima mikojo yao, wakapata kujua kila mtu atumia kalori ngapi kwa siku. Habari zao zilichapishwa mwaka 2012. Wanaume wa Kihadza walitembea kilomita 11 hivi kwa siku, na wanawake karibu 6. Kila mtu alitazamia kwamba matumizi yao yangewapita kwa mbali watu wa Marekani na Ulaya wakaao vitini. Sivyo! Ukubwa wa miili ukihesabiwa, matumizi ya siku nzima yalikuwa karibu sawasawa. Pontzer aona ya kuwa mwili ukizoea kazi nyingi, hubana matumizi yake mahali pengine, kama mama mwenye nyumba ambaye karo imemzidi, akapunguza mafuta ya taa. Wahadzabe si wembamba kwa kutembea tu. Chakula chao nacho ni cha namna nyingine.

Je, basi tufunge kula? Hasha. Twajua mmoja hata wawili waliojinyima mpaka wakaanguka. Mwaka 1944 vijana 36 wa Marekani, waliokataa kushika silaha kwa ajili ya dhamiri, wengi wao wakiwa wa makanisa ya amani, walijitolea katika chuo kikuu cha Minnesota ili ijulikane jinsi ya kuwasaidia wenye njaa wa vita. Mtaalamu Ancel Keys aliwapa kalori 1,570 hivi kwa siku kwa majuma 24 ya mwaka 1945, na kila juma walitakiwa kutembea kilomita 35. Walipoteza kama robo ya uzito wao. Lakini moyo ulipiga polepole, walihisi baridi daima, wakawa na huzuni na hasira, wakaota chakula usiku na kusoma vitabu vya mapishi mchana. Waliporuhusiwa kula tena, wengine walikula bila kushiba, na shahamu yao ikapita ile ya kwanza. Mwili uliotishwa hujilinda.

Kwa hiyo shauri letu kwa nyumba ile ni la polepole. Nusu kilo kwa juma yatosha, isizidi kilo moja. Kwa kawaida kupunguza kalori 500 hivi kwa siku hufika hapo mwanzoni, halafu kasi hupungua, kwani mwili mdogo huhitaji kidogo. Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka chupani. Sukari ya chai ishuke kijiko kimoja, na baada ya majuma mawili kingine. Ugali usifutwe, maana mtu aliyeachishwa ugali ghafula huurudia kwa hasira. Uwe nusu ya kile kilichozoewa, na mboga za majani na maharage vijaze nafasi. Na mwalimu mwenyewe ale sahani hiyo hiyo. Hatuwezi kumhubiria mama juu ya vitumbua huku vimewekwa mbele ya baba.

Wala viatu vile vya mpira visitupwe! Mwendo husaidia sukari ya damu na presha hata kama mizani haisogei, huleta usingizi mzuri, huilinda misuli ili kinachopungua kiwe shahamu hasa, tena wale waliokwisha kupungua huzuiwa nao wasirudi walikotoka. Shirika la Afya Duniani hushauri watu wazima dakika 150 hadi 300 kwa juma, na kazi za kukaza misuli siku mbili. Kulima na kuchota maji navyo ni kazi. Akipungua hata kilo 5 katika kila 100, sukari na presha huanza kuonyesha nafuu. Lakini kama anatumia insulini au vidonge vya sukari, daktari aambiwe kabla ya chakula kupunguzwa, maana dawa ile ile yaweza kuishusha sukari mno.

Wenye mimba, wanaonyonyesha na watoto wasifuate shauri hili pasipo mganga. Na mtu akikonda bila kukusudia, asipongezwe, apelekwe hospitali. Kwetu mwembamba huulizwa anaumwa nini, na kitambi huitwa heshima; tungependa maneno hayo mawili yapumzike kidogo.

Mizani itazamwe mara moja kwa juma, asubuhi, kabla ya kula, kwa mizani ile ile. Swali la chumvi, waliloliuliza walimu wawili, tumeliweka kwa mwezi ujao.