MKEKA NAO UPITISHWE KWENYE MIZANI

Ndugu Wanachama,

Tunayo maneno ya kuwaambia juu ya kubeti mpira, na twaomba hata asiyebeti asiupite ukurasa huu, maana jambo hili limekwisha kuingia katika mfuko wa tawi letu hapa Nyamira.

Wengi wenu mmesikia. Tulipofiwa na mwenzetu, michango ya matanga ilikusanywa, na ndugu mmoja akakabidhiwa aishike katika simu yake mpaka siku ya mazishi. Jumamosi akaiweka yote kwenye mkeka wa timu kumi, kwa nia ya kuiongeza. Timu tisa zikashinda. Ya kumi ikatoka sare, na mkeka ukachanika. Jeneza tulilichukua kwa mkopo.

Katika mkutano wengine walisema ndugu huyu afukuzwe. Sisi wa halmashauri twasema hapana. Alipe kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi mpaka deni liishe, wala asishike tena fedha za watu. Lakini kumfukuza mmoja hakutaondoa ujinga ambao ni wetu sote. Baadhi yetu tuandikao haya tumebeti pia, na hatukuuliza swali ambalo kila mtu huuliza sokoni Keroka kabla ya kutoa shilingi: je, kitu hiki chalingana na bei yake?

Zile namba ziitwazo odi ni bei. Hakuziandika nabii, kaziandika mwuzaji. Tuseme Shabana wanacheza nyumbani, Gusii Stadium, na kampuni imeandika hivi: Shabana kushinda 4.00, sare 3.00, wageni kushinda 2.00. Maana yake, ukiweka Sh. 100/- kwa Shabana nao wakashinda, utapewa 400/-, na dau lako limo ndani yake.

Sasa mwanachama mmoja ataka kununua matokeo yote matatu ili asikose. Aweka 300/- kwa Shabana, 400/- kwa sare, na 600/- kwa wageni. Ametoa 1,300/-. Matokeo yo yote yakitokea, atapewa 1,200/-. Hakukosea hata kidogo, lakini 100/- imekwenda. Imekwenda wapi? Hiyo ndiyo sehemu ya tajiri, nayo imekatwa kabla filimbi haijapigwa.

Ndugu, twajuana. Kwenye kituo cha majani chai, karani akikata kilo moja kwa ajili ya uzito wa gunia, twapiga kelele mpaka Kebirigo wasikie. Lakini hapa twakatwa shilingi moja katika kila kumi na tatu, wala hatunung'uniki, kwa sababu mizani yenyewe hatuioni.

Na mkeka je? Kila timu uiongezayo, mkato ule hukatwa tena juu ya kile kilichobaki. Kwa bei kama hizo, mtu awekaye Sh. 1,000/- kwa mechi moja moja, kwa wastani wa siku nyingi hurudishiwa kama 923/-. Akifunga timu tano pamoja, kama 670/-. Akifunga kumi, kama 450/-, na kodi ya Serikali bado haijahesabiwa. Ndiyo sababu matangazo yao husifu mkeka mrefu.

Mtatuambia kwamba mwaka 2017 Mkenya mmoja alibashiri mechi 17 zote akapata zaidi ya shilingi milioni 221. Ni kweli, nasi twampa hongera. Lakini mechi 17, kila moja yenye matokeo matatu, zaweza kuandikwa kwa njia 129,140,163. Aliyeshinda alipigwa picha. Waliokosa hakuna aliyewapiga picha.

Wako watakaosema, "Sisi twaujua mpira." Vema. Katika biashara hii, kuujua mpira ni kuweza kusema kwamba bei ina kosa. Bei ya 4.00 yadai Shabana washinde mara 25 katika mechi 100 kama hiyo, ndipo usipate hasara. Kabla ya kuitazama bei, andika hesabu yako mwenyewe. Ukiona watashinda mara 30, dau la 100/- mara mia ni 10,000/-, na marejeo ni 12,000/-: hapo pana thamani. Ukiona ni mara 20, marejeo ni 8,000/-: usinunue, hata kama wawapenda. Kwa hiyo timu dhaifu yaweza kuwa ununuzi mwema, na timu kali ununuzi mbaya. Timu iliyowekewa 1.10 yapaswa kushinda kama mara 91 katika 100. Je, ni nani kati yetu awezaye kuthibitisha kwamba si 88?

Hapo ndipo tunapoanguka. Moyo wa Tore Bobe huongeza kumi juu ya kila hesabu. Naye mwuzaji ana makarani na mitambo ifuatayo habari za kila mchezaji aliyeumia, na akiona amekosea huibadili bei kabla hujamaliza kikombe chako cha chai. Ajidhaniye kuwa ni fundi, na aandike katika daftari dau, bei, hesabu yake na matokeo. Baada ya mechi mia ajumlishe, kisha aje atuonyeshe.

Wengine wasema tuingoje Serikali. Mwaka 2019 kampuni nyingi zilinyimwa leseni, na kubwa kuliko zote ikasimamisha kazi. Baadaye biashara ikarudi, na mikeka ikaendelea kuchanika. Tusingoje.

Twapendekeza basi: Fedha za matanga zikae katika akaunti ya tawi, na zitolewe kwa sahihi za watu watatu. Asibeti mtu kwa mkopo wa simu. Wenye mashamba ya chai, bonasi ya Oktoba ilipe karo na akiba ya SACCO kwanza. Na asiyeweza kuacha, anunue mechi moja tu, kwa dau asiloweza kulilia.

Tajiri wa kiwanda twakaa naye mezani, tukabishana juu ya ujira hata senti ya mwisho. Tajiri wa kubeti hakai mezani na mtu. Bei huiandika peke yake. Kwake hatuna silaha ila moja, nayo twaijua tangu zamani: kukataa bei isiyo ya haki.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi wenu katika kazi,
Halmashauri ya Tawi