Wasichana wa Singida Wapewe Kiwanja na Wakati

Mara nne kila mwaka macho ya wapenda michezo ulimwenguni huelekea kwenye mashindano makubwa ya tenisi: Melbourne, Paris, Wimbledon mjini London, na New York. Kwa upande wa wanawake wachezao mmoja mmoja huanza wachezaji 128. Ashindwaye hufunga mzigo wake akaenda zake, na yule abakiye mwisho huwa amewashinda wenzake 7 mfululizo. Kiwanjani husimama peke yake. Hana mwenzi wa kumpokeza mpira, wala wa kumfichia kosa lake.

Watu wengi wamwonapo hudhani kwamba amefika pale kwa juhudi zake peke yake. Sisi hatukubaliani na dhana hiyo, na twaona kwamba inawadhuru wasichana wetu. Kwani ikiwa bingwa hujizalia mwenyewe, basi sisi wengine hatuna wajibu wo wote ila kukaa na kungoja.

Tutazame mifano. Angella Okutoyi wa Kenya alilelewa na bibi yake mjini Nairobi, kwa kuwa mama yake alifariki alipojifungua yeye na pacha wake. Mwezi wa Julai 2022, pamoja na mwenzake kutoka Uholanzi, alitwaa ubingwa wa Wimbledon wa wasichana wachezao wawili wawili, akawa Mkenya wa kwanza kupata taji la vijana katika mashindano hayo makubwa manne. Mwezi wa Machi 2024, katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Accra, akachukua medali ya dhahabu ya wanawake wachezao mmoja mmoja. Ons Jabeur wa Tunisia alijifunza akiwa mtoto kwenye viwanja vya hoteli. Mwaka 2022 akafika fainali ya Wimbledon na ile ya New York, na mwaka 2023 akaifikia tena ya Wimbledon. Hakutwaa taji, lakini hakuna Mwafrika mwanamke aliyemtangulia kufika hapo tangu mashindano hayo yalipofunguliwa kwa wachezaji wa kulipwa mwaka 1968.

Kabla yao alikuwako Althea Gibson, Mmarekani mweusi, binti wa wakulima maskini wa pamba wa South Carolina. Alikulia Harlem, New York, katika mtaa ambao polisi waliufunga magari yasipite, ili watoto wapate kucheza. Hapo alianza kupiga mpira kwa kibao cha mbao, si kwa raketi. Mwaka 1956 alishinda Paris, na mwaka 1957 na 1958 akashinda Wimbledon, mtu mweusi wa kwanza kufanya hivyo.

Wote watatu walikuwa na kipaji. Lakini kwanza walipata mahali pa kuchezea, na saa za kucheza. Mahali na saa hazikutoka mikononi mwao, bali zilitolewa na watu wengine.

Sasa na tuje nyumbani. Jina la mkoa wa Singida limesikika sana michezoni katika miaka ya karibuni, na limesikika kwa mpira wa miguu wa wanaume. Twafurahi, wala hatuwaonei wivu. Hata hivyo nguvu za wanawake wa mkoa huu hazihitaji shahidi. Ndio walimao alizeti na vitunguu, ndio watembeao njia ndefu wakiwa na mizigo kichwani. Restituta Joseph, mkimbiaji wa mbio ndefu aliyeiwakilisha Tanzania katika Michezo ya Olimpiki, ni mzaliwa wa Singida. Na ikumbukwe kwamba katika Michezo ya Afrika ya mwaka 1965 mjini Brazzaville, Theresia Dismas aliirudishia nchi yetu medali ya fedha kwa kutupa mkuki.

Basi twawaomba wasomaji wetu wa Iramba, Mkalama, Ikungi, Manyoni na Singida yenyewe wafanye hesabu ndogo. Kila mmoja ahesabu katika kata yake viwanja ambapo msichana aweza kucheza bila ya kufukuzwa. Kisha atazame saa kumi za jioni. Wavulana wako uwanjani. Wasichana wako wapi? Wengi wako njiani na ndoo, au wako jikoni. Wakati wa kiangazi, visima vikaukapo, njia hiyo huzidi kurefuka, na jioni yao huzidi kufupika.

Wapo watakaosema kwamba watu wenye shida ya maji hawana haja ya tenisi. Sisi twasema kwamba mambo haya mawili ni jambo moja. Kisima kilicho karibu ndicho kiwanja cha kwanza cha msichana, kwa sababu humrudishia saa yake. Hatutaki hata senti moja ya visima ihamishwe. Twataka saa hiyo ikisha kupatikana isichukuliwe tena na kazi nyingine ya nyumbani, ambayo kaka yake aweza kuifanya vile vile.

Wengine watasema kwamba tenisi ni mchezo wa mabwana wakubwa. Ni kweli kwamba wakati wa ukoloni klabu kama ile ya Gymkhana ya Dar es Salaam ilikuwa ya Wazungu. Lakini kosa lilikuwa la mlango uliofungwa, si la mpira. Na kuhusu gharama, ifahamike kwamba viwanja maarufu vya Paris hutandazwa vumbi la matofali yaliyosagwa. Je, mkoa wa Singida umekosa matofali? Vipande vilivyovunjika vimelala kando ya matanuru ya vijijini. Eneo la mita 37 kwa 18 latosha kiwanja kimoja pamoja na nafasi ya kukimbilia. Wavu waweza kufumwa kwa kamba. Kwa watoto waanzao, seremala aweza kuchonga vibao kama kile alichoanzia Gibson. Raketi na mipira ya kweli ina bei, nasi hatulifichi jambo hilo. Hapo ndipo unapohitajika mchango wa halmashauri na wa wafanyakazi.

Wako pia wasemao kwamba mchezo si kazi. Kwao twajibu kwamba mashindano ya New York yaliwalipa wanawake sawa na wanaume tangu mwaka 1973, baada ya Billie Jean King na wenzake kudai haki yao bila ya kurudi nyuma. Wimbledon ilifuata mwaka 2007. Wafanyakazi wajua maana ya ujira sawa, na wajua kwamba haki hiyo haiji kwa kungoja.

Hatusemi kwamba kila msichana atakayeshika kibao atafika Wimbledon. Wengi hawatafika. Lakini aliyezoea kusimama peke yake mbele ya mpinzani, akakosa, akajaribu tena, hatakuwa mwepesi wa kunyamazishwa nyumbani wala kazini. Hiyo ni faida tosha, hata kama hakuna kombe.

Kwa hiyo twatoa rai tatu. Kwanza, ardhi ya kiwanja ipimwe na kuandikwa kwa jina la shule au kijiji, isije ikageuzwa viwanja vya nyumba usiku na mchana. Pili, shule zitenge jioni mbili kwa juma kwa michezo ya wasichana, na wazazi waziheshimu jioni hizo kama waheshimuvyo masomo. Tatu, walimu wanawake wafundishwe mchezo huu, ili mzazi asipate kisingizio cha kumzuia binti yake.

Vikao vya kugawa ardhi hufanyika katika kila wilaya, na wasomaji wetu wengi huhudhuria. Safari ijayo, mmoja wao asimame aulize kiwanja cha wasichana kiko wapi katika ramani. Na kama hakimo, asikubali kikao kifungwe mpaka kimechorwa.