Gari za umeme Birmingham: mwenye uwanja anachaji kwa peni 7, wa nyumba za mstari analipa mara kumi

Kila wiki napokea ujumbe kutoka Maskati, Dubai au Sharjah, na swali ni lile lile: jee, ni kweli Uingereza inapiga marufuku gari za petroli mwaka 2030? Anayeuliza aghlabu ana mtoto anayesoma chuo hapa Birmingham na anataka kumnunulia gari, au ana ami yake Small Heath ambaye gari yake imeshakula miaka. Nimeona bora niyaeleze kwa pamoja, maana maneno yanayozungushwa kwenye simu yamevuruga mambo.

Kwanza, sheria haigusi gari uliyonayo. Kinachosimamishwa mwaka 2030 ni kuuzwa kwa gari mpya zinazokwenda kwa petroli au dizeli peke yake. Iliyokwisha sajiliwa itaendelea kutembea, itauzwa mtumba na itatiwa petroli kama kawaida. Gari mpya za haibridi zimeruhusiwa kuuzwa mpaka 2035. Kwa hiyo habari ya kwamba polisi watasimamisha gari za watu njiani siku ya mwaka mpya 2030, hiyo haipo.

Tarehe yenyewe nayo haikutulia. Mwaka 2017 serikali ilisema 2040. Februari 2020 Boris Johnson akaivuta mpaka 2035, na Novemba ya mwaka huo huo akaileta 2030. Septemba 2023 Rishi Sunak akairudisha 2035. Leba waliposhika serikali 2024 walikuja na ahadi ya 2030, wakaithibitisha Aprili 2025. Yaani imebadilishwa mara nne ndani ya miaka minane. Na Disemba 2025 Umoja wa Ulaya nao ukapendekeza kuilegeza tarehe yake ya 2035, kwa hiyo wanaotaka Uingereza ilegeze tena wamepata pa kuegemea.

Mimi tarehe hii siitazami sana. Sheria inayofanya kazi hasa ni nyengine, haina kelele, nayo inawabana watengenezaji. Mwaka 2024 kila kampuni ilitakiwa asilimia 22 ya gari mpya inazouza ziwe za umeme mtupu. Mwaka 2025 ikawa 28, mwaka 2026 ni 33, na inapanda mpaka 80 ifikapo 2030. Anayeshindwa hutozwa faini ya pauni 12,000 kwa kila gari iliyopungua. Mwanzo ilikuwa 15,000. Upo mlango wa nyuma, kwani kampuni zinaweza kununuliana hesabu na kukopa ya miaka ya mbele, lakini shinikizo lipo. Ndiyo maana maduka ya gari yanapunguza bei za umeme, na tangu Julai 2025 serikali nayo inaongeza ruzuku mpaka pauni 3,750 kwa gari za chini ya pauni 37,000. Pamoja na yote hayo, mwaka 2024 gari za umeme hazikufika moja katika kila tano zilizouzwa, na wengi waliozichukua ni makampuni yanayowapa wafanyakazi wao.

Kwa nini watu wa kawaida wanasita? Hapa ndipo Birmingham inapofunza kuliko hotuba za London.

Ukipita Small Heath, Sparkbrook au Alum Rock utaziona nyumba za mstari, za matofali mekundu, zimeshikana ukuta kwa ukuta, mlango unafunguka moja kwa moja kwenye njia ya miguu. Zilijengwa kabla gari haijajulikana. Hazina uwanja wala banda la gari. Gari unaiweka barabarani, na ukirudi usiku umechelewa unaiweka mtaa wa pili. Sasa nenda upande wa Solihull au Sutton Coldfield: kila nyumba ina nafasi ya gari mbili mbele ya mlango, na chaja ipo ukutani.

Hesabu yake ni hii. Mwenye chaja nyumbani anaweza kupata umeme wa usiku kwa peni 7 au 8 kwa yuniti. Anayechaji kwenye mashine za haraka za nje analipa karibu peni 75. Gari ya kawaida ya umeme inakula yuniti 17 hivi kwa kilomita 100. Kwa hiyo mtu wa Solihull anakwenda kilomita 100 kwa pauni moja na kitu, na mtu wa Small Heath anakwenda hizo hizo kwa karibu pauni 13. Gari ya petroli inayokula lita saba kwa kilomita 100, kwa bei ya pauni 1.35 iliyokuwepo kwa miezi mingi ya 2025, inatumia kama pauni tisa na nusu. Maana yake asiye na uwanja akihamia umeme, matumizi yanampanda.

Kinachonikera zaidi ni kodi. Umeme wa nyumbani unatozwa kodi ya ongezeko la thamani asilimia 5. Umeme wa mashine za nje unatozwa asilimia 20. Umeme ni ule ule, anayelipa zaidi ni yule asiyekuwa na nafasi mlangoni. Hili halihitaji teknolojia mpya wala kiwanda. Linahitaji waziri wa fedha abadilishe nambari moja tu, na hadi sasa aliyepo na waliomtangulia wamelikwepa.

Jirani yangu ni dereva wa teksi, mtu wa makamo, asili yake Yemen lakini Kiswahili kakipata Mombasa. Leseni yake ni ya Wolverhampton, kama makumi ya maelfu ya madereva wengine wanaokwenda kuichukua huko na kufanya kazi miji mengine. Anaendesha Toyota ya haibridi. Nilipomuuliza habari ya umeme alinijibu: "Sheikh, mimi gari ya umeme naitaka. Haina kelele, haina oili. Niambie tu niichomeke wapi." Akirudi kazini saa nane za usiku hawezi kupitisha waya juu ya njia ya miguu, watu watajikwaa, na halmashauri itamjia juu. Akienda kwenye mashine za haraka, muda anaokaa hapo ni muda asiopata abiria.

Dawa ipo, na si ya gharama kubwa: mfereji mwembamba unachimbwa kwenye njia ya miguu, waya unapita chini na kifuniko kinafungwa juu. Julai 2025 serikali kuu ilitenga pauni milioni 25 kwa halmashauri za Uingereza kwa kazi hiyo. Shida ni kwamba halmashauri ya Birmingham ni ile iliyotangaza Septemba 2023 kuwa haina fedha za kukidhi matumizi yake, na mwaka 2025 mitaa yetu hii ilijaa mataka kwa mgomo wa wazoa taka. Na hata mfereji ukichimbwa, nani atakuhakikishia kuwa nafasi ya mbele ya mlango wako utaikuta wazi?

Wasomaji wetu wa Seeb au Al Khoudh huenda wanashangaa, maana kwao mambo yamegeuka. Nyumba ina ua, geti na kivuli, pa kuchaji si tatizo. Ila petroli Oman haifiki robo riali kwa lita, na huku kwa bei niliyoitaja ni karibu mara tatu ya hapo. Aliye na pa kuchomeka hana haraka, na mwenye haraka hana pa kuchomeka.

Nisieleweke kuwa natetea petroli. Tangu tarehe 1 Juni 2021 katikati ya Birmingham, ndani ya barabara ya mzunguko ya A4540, kuna eneo la hewa safi. Gari inayochafua zaidi hulipa pauni 8 kwa siku, mabasi na malori pauni 50. Watu walilalamika, nami nawaelewa. Lakini wanaoishi kando ya Coventry Road na Stratford Road ndio wanaovuta moshi huo kila siku, na watoto wao ndio wanaokwenda skuli na dawa ya pumu mfukoni. London, mtoto Ella Adoo-Kissi-Debrah alifariki 2013 akiwa na miaka tisa, na Disemba 2020 mchunguzi wa vifo akatamka kuwa hewa chafu ilichangia kifo chake. Kwa hiyo watu wa mitaa hii wanadhulumika mara mbili: moshi ni wao, na kuuondoa wanatakiwa walipe zaidi kuliko wenye bustani.

Wazazi wenye watoto chuoni walitie akilini hili la eneo la hewa safi kabla ya lile la 2030. Gari ya petroli ya kuanzia 2006 kwa kawaida haitozwi. Ya dizeli mara nyingi lazima iwe ya kuanzia Septemba 2015. Dizeli ya bei rahisi ya 2012 itamgharimu kijana pauni 8 kila siku anayoingia mjini, na akisahau kulipa, faini ni pauni 120, nusu yake akiilipa ndani ya siku 14.

Kisha zipo kazi. Mji huu umekula kwa gari zaidi ya miaka mia. Longbridge palianza na Herbert Austin mwaka 1905. MG Rover ilipoanguka hapo Aprili 2005 watu kama 6,000 walipoteza kazi, na leo jina la MG liko mikononi mwa Wachina wa SAIC, wanalitumia kutuuzia gari za umeme zilizotengenezwa kwao. Jaguar mwaka 2024 ilitoa gari zake za mwisho za petroli kutoka Castle Bromwich. Kiwanda kikubwa cha betri cha Tata kinajengwa Somerset, mbali na hapa. Na katika tangazo la Aprili 2025 kampuni ndogo kama Aston Martin na McLaren zilisamehewa sharti la 2030. McLaren mwenyewe sasa ni mwekezaji wa Abu Dhabi, na Aston Martin ina hisa za mfuko wa Saudia. Gari ya anasa itaendelea kunguruma kwa petroli kwa idhini ya serikali, na dereva wa teksi ahangaike na waya.

Kuanzia Aprili 2028 gari za umeme zitatozwa peni 3 kwa kila maili, kwa sababu kodi ya petroli inapungua na hazina inataka pengo lizibwe. Kwa kilomita 100 ni pauni moja na peni 86, chini ya kodi iliyomo kwenye petroli ya safari hiyo hiyo. Si dhulma kwa anayechaji kwa peni 7. Kwa anayechaji kwa peni 75 ni mzigo juu ya mzigo.

Na petroli itakwenda wapi? Wafanyabiashara wa gari za mtumba wa Dubai na Sharjah wanalijua jibu. Uingereza inaendesha kushoto, sawa na Kenya na Tanzania. Ethiopia ilishazuia kuingiza gari za petroli mwaka 2024, lakini Kenya inapokea gari isiyozidi miaka minane. Ya petroli itakayouzwa mpya hapa Birmingham mwaka 2029 inaweza kushushwa bandari ya Mombasa mpaka 2036, na baada ya hapo ikatembea Kisauni na Likoni miaka kumi na tano mengine.