Tarehe za mteja si siri ya fundi

Wadau, leo nina ugomvi na sisi wenyewe tunaoandika programu.

Mwaka jana chama kimoja cha akiba na mikopo kiliniita nisaidie kuhamisha data zao kwenda mfumo mpya. Fundi wao wa zamani alikuwa amewaachia faili iliyotoka kwenye SQL Server, na mahali pa tarehe ya mkopo palikuwa na vitu kama hiki:

0x0000AE5800AD08E0

Kijana aliyejaribu kabla yangu alidhani hizo ni sekunde za Unix. Akachukua nusu ya kwanza, akapata 1 Januari 1970. Mfumo mpya nao ukaona mkopo umechelewa miaka zaidi ya hamsini. Mwanachama mmoja, mama muuza mboga, akaambiwa dirishani, "Mama, kompyuta inasema una faini." Kompyuta ilisema ilichoambiwa. Makosa yalikuwa yetu.

Fundi wa zamani nilipompigia simu alinijibu, "Data zote ziko hapo, mtatafuta wenyewe." Jamani!

Basi tutafute. Heksadesimali si ufunguo wa siri, ni kuhesabu kwa kumi na sita badala ya kumi. Tarehe ya aina ya datetime ina baiti 8. Nne za kwanza ni idadi ya siku tangu 1 Januari 1900: AE58 ni siku 44,632, yaani 14 Machi 2022. Nne za mwisho ni muda tangu usiku wa manane, kila sekunde ikigawanywa mara 300: 00AD08E0 ni 11,340,000. Gawanya kwa 300, unapata sekunde 37,800, yaani saa nne na nusu asubuhi. Kwisha.

Lakini angalia mtego. Aina ya datetime2, iliyokuja na SQL Server 2008, hupangwa kwa njia nyingine kabisa. Kwa hiyo namba tupu bila kutaja aina yake na siku ya kuanzia kuhesabu ni kitendawili, na kitendawili si kumbukumbu ya mkopo.

Najua utetezi wenu. Mtasema hex haina utata, ila 03/04/2022 kwetu ni Aprili na kwa Mmarekani ni Machi. Kweli kabisa. Lakini dawa ipo tangu ISO 8601 ilipotolewa mwaka 1988: mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Kabla ya kutoa faili andika hivi tu:

CONVERT(varchar(19), tarehe, 120)

Itatoka 2022-03-14 10:30:00. Karani ataisoma, MySQL itaisoma, hata mwenye mkopo ataisoma.

Mstari mmoja! Anayeshindwa kuuandika ni mvivu, au anataka mteja amrudie kila mara na pesa mkononi. Data ni za mteja, wewe fundi ni mtunzaji tu.

Nanyi mnaonunua mifumo, kabla ya kulipa awamu ya mwisho fungueni faili mliyopewa, mtafute tarehe ya mkopo mnaoujua. Kama hamwezi kuisoma kwa macho, kazi haijaisha. Msilipe.