Kipimo ni shamba la jirani

Kifungu cha 55 cha sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli ya kale, nakutana nacho kila msimu, ingawa kwetu hakina namba. Mtu kafungua maji aingize shambani kwake, kazembea, maji yamekwenda kuzamisha shamba la mwenzake. Babeli walisema: apime nafaka amlipe, kwa kadiri ya walichovuna majirani. Mimi ni katibu wa kamati ya maji katika skimu ya mpunga, na kabla ya hapo nilifundisha historia sekondari. Nimesikiliza mashauri ya "nani kafungua maji usiku" hadi nimeanza kukerwa na namna tunavyomsimulia mfalme yule.

Tunamsimulia kwa jicho kwa jicho, jino kwa jino. Mwanafunzi anaandika hivyo kwenye mtihani, mwalimu anaweka vema, yamekwisha. Vifungu hivyo vipo, lakini ni vichache. Padri Mfaransa Jean-Vincent Scheil, aliyelitafsiri mwaka 1902 jiwe lililochongwa sheria hizo, alivihesabu vifungu 282, na mfululizo mrefu ndani yake ni mambo ya shamba tupu: shamba la kukodi lililoachwa bila kulimwa, kondoo walioingizwa kwenye shayiri, mti uliokatwa bila ruhusa ya mwenyewe, ng'ombe wa kukodi aliyevunjika mguu, ujira wa kibarua. Kuna hata makubaliano ya bustani: mtunzaji anapanda na kuitunza miaka minne, wa tano wanagawana nusu kwa nusu, mwenye ardhi akichagua kwanza. Mkataba wa namna hiyo ukiletwa mbele ya kamati yetu kesho, hakuna atakayeshangaa, ila watu watabishana kuhusu hiyo haki ya kuchagua kwanza.

Ukilitazama kwa jicho la mkulima, jambo hili lina sababu yake. Kusini mwa Iraki mvua ya mwaka mzima haifiki hata milimita 200. Bila Frati na Tigri hakuna shayiri. Na mito hiyo ina kasoro ambayo Nile haina: inafurika majira ya kuchipua, wakati mazao yako shambani yanakaribia kuvunwa. Kwa hiyo mkulima wa Babeli alihitaji mtaro wa kuleta maji na tuta la kuyazuia, vyote kwa pamoja. Tuta lako likibomoka, hasara inaanzia kwa aliye chini yako.

Kifungu cha 53 na cha 54 vinashughulikia hilo. Aliyekuwa mvivu wa kuimarisha tuta lake, maji yakapasua na kusomba mashamba, atalipa nafaka iliyopotea. Kama hana, atauzwa yeye na mali yake, na wenye mashamba watagawana fedha hiyo. Nisisikike ninasifia. Kipo kingine, cha 256, kinachomhusu msimamizi wa shamba aliyekula mbegu na kushindwa kulipa fidia: aburutwe na ng'ombe katika shamba lilelile. Hizo zilikuwa sheria za wenye ardhi, na mtumwa na huru hawakuwa na bei moja.

Lakini mfalme mwenyewe alijua nguvu yake inapita wapi. Katika barua zake za udongo kwa Sin-iddinam, msimamizi wake mjini Larsa, hazungumzii vita tu. Ipo anayoagiza wenye mashamba kando ya mfereji wa Damanum waitwe wausafishe, na kazi iishe ndani ya mwezi huohuo. Nimewahi kuandika tangazo kama hilo mara nyingi, tofauti ni kwamba langu hubandikwa kwenye mwembe na nusu ya watu hawaji.

Wapo wanaosema kilimo kilituletea ustaarabu, na sheria ikafuata kama pambo. James Scott, mwanazuoni wa Marekani, aliligeuza hilo katika kitabu chake cha mwaka 2017. Nafaka, anasema, huiva kwa pamoja, huonekana, hupimika, huhifadhika; mtoza kodi akija siku ya mavuno anajua achukue kiasi gani. Muhogo umejificha ardhini, mwenyewe anachimba akipenda. Dola za kwanza zilisimama juu ya shayiri na ngano, hazikusimama juu ya mizizi. Mimi namkubali, ila naongeza kwamba nafaka hiyohiyo inayomrahisishia mtoza kodi inamrahisishia pia hakimu. Ukisema "mlipe kama walivyovuna majirani zake", umepata kipimo ambacho mlalamikiwa hawezi kukipinga, kwa sababu kila mtu alikiona kikiwa kimesimama pale.

Ninachotaka kusomwa zaidi ya vyote ni kifungu cha 48. Mtu ana deni la riba. Dhoruba ikalizamisha shamba lake, au mafuriko yakalisomba, au nafaka haikuota kwa kukosa maji. Mwaka huo hatampa mkopeshaji nafaka. Ataulowesha ubao wa deni, maana udongo ukilowa maandishi hubadilishika, na riba ya mwaka huo hatailipa. Na riba haikuwa ndogo: theluthi ya mkopo kwa shayiri, moja ya tano kwa fedha. Hata hivyo walikiri kwamba mvua haijasaini mkataba wa mtu yeyote.

Linganisha na mikopo tunayoiita kausha damu. Mwaka mto ulipopungua, majaruba ya mkondo wa mwisho yalipasuka mpunga ukiwa haujatoa suke. Mama mmoja wa huko alikuwa kachukua pesa ya mbolea na ya kupandikiza, makubaliano alipe kwa magunia. Magunia hayakuwepo. Mkopeshaji alichukua pampu, akabadilisha deni kuwa pesa taslimu, riba ikaendelea kuhesabiwa kwa wiki. Hakuvunja mkataba wowote. Karatasi ilikuwa na sahihi, mashahidi wawili, na haikuwa na neno hata moja kuhusu maji.

Ataniambia mtu kwamba kati ya maelfu ya mikataba na hukumu zilizofukuliwa kule Iraki, ni nadra kukuta hakimu akilitaja jiwe la Hammurabi, kwa hiyo huenda lilikuwa la kumtukuza mfalme tu. Sawa. Lakini kilembwe chake, Ammi-saduqa, mwaka 1646 kabla ya Kristo alitangaza kufutwa kwa madeni ya shayiri na fedha, huku mikopo ya wafanyabiashara ikiachwa ilivyo. Mtawala hafuti kitu ambacho hakimnyimi usingizi. Mkulima aliyeuzwa kwa deni halimi, hasafishi mfereji, halipi kodi wala haendi vitani.

Msimu huu skimu yetu inapitia upya sheria ndogo. Nimepeleka pendekezo la mistari mitatu: deni lolote la pembejeo lililoandikishwa mbele ya kamati lisitozwe riba kwa msimu ambao maji hayakufika jarubani, na mtaji ulipwe msimu unaofuata. Wanaokopesha wamekuja juu. Mmoja, mtu ninayemheshimu, kauliza swali lililonyamazisha kikao: "Mwalimu, nani atathibitisha kwamba maji hayakufika, na si kwamba mtu kalala?" Nikamjibu kwamba katika kila mkondo majaruba yanapakana. Wenzake wa kushoto na kulia wakivuna naye asivune, alipe na riba yake yote. Wakikosa wote, tunamdai nani uvivu? Kauliza kama hilo nimelitoa kwenye kitabu. Nimemwambia ndiyo, na limeingizwa kwenye muhtasari kama hoja namba nne, likisubiri mkutano mkuu.