Tuache kuona haya: Kifaa cha kusikia si cha wazee pekee

Mwaka jana tukiwa ndani ya nganya ya Rongai, rafiki yangu alinigeukia akaniambia jambo. Muziki ulikuwa juu kama kawaida. Niliona midomo yake ikicheza, nikashika neno "nyanya", mengine yote yakapotea. Nikatabasamu, nikamwonyesha kidole gumba, nikasema, "Poa sana, bro."

Alinitazama kidogo, kisha akageukia dirisha. Tuliposhuka ndipo nikajua alikuwa ameniambia nyanyake ameaga usiku uliotangulia. Huyo ndiye aliyemlea tangu akiwa mdogo.

Naianika aibu hii kwa sababu najua si yangu peke yangu. Tuko wengi tunaocheka mwisho baada ya kuona wengine wamecheka. Tunasema "eeh" kwa swali ambalo hatujaliskia. Tunakwepa simu na kuandika "nitumie meseji tu, niko mahali pana kelele", ilhali tuko kejani na hakuna hata redio.

Yangu ilianza kitambo. Nikiwa chuoni, nilikuwa nakaa nyuma ya ukumbi na mbogi yangu. Mhadhiri alikuwa na sauti ya chini. Niliandika nusu ya sentensi na nusu nyingine nikakisia. Nikaamini kwamba mimi ndiye mzito wa kuelewa. Nilipoacha masomo mwaka wa pili nilisema ni karo, na kweli karo ilichangia. Lakini hakuna aliyewahi kuniuliza kama naskia vizuri, na mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza.

Usiku ndio ulikuwa mbaya zaidi. Mtaa ukishatulia, mlio mwembamba ulikuwa unaanza, kama wa nyenje aliyejificha nyuma ya kabati. Mara kadhaa niliamka kuchomoa chaja nikidhani ndiyo inayolia. Mlio ulikuwa kichwani mwangu.

Msimamo wangu ni huu: kijana anayepoteza uwezo wa kusikia Kenya hii anaangushwa mara mbili. Kwanza na aibu, inayomfanya ajifiche miaka nenda miaka rudi. Pili na bei, inayomngoja mlangoni siku anayopata ujasiri wa kutafuta usaidizi. Zote mbili tunaweza kuziondoa.

Tuanze na aibu. Mtu akiona ukungu, anaenda kupimwa macho, anachagua fremu kali, anapiga selfi. Miwani imekuwa fasheni hadi kuna wanaovaa ya vioo vitupu. Lakini mwambie kijana wa miaka 25 avae kifaa nyuma ya sikio, atakuuliza, "Kwani mimi ni guka?" Jicho likififia ni kawaida, sikio likififia ni uzee. Nani alitupangia hivyo?

Ukweli ni kwamba masikio hayaangalii kitambulisho. Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojiviringisha kama konokono. Humo mna seli zenye vinyweleo vidogo zinazogeuza sauti kuwa ujumbe wa kwenda kwenye ubongo. Kelele kubwa huzichosha, ikizidi huziua, na zikishakufa hazioti tena. Ndiyo maana baada ya shoo kubwa masikio yanavuma hadi kesho yake. Mvumo huo ni onyo. Dawa fulani pia huweza kuziumiza seli hizo, kama vile baadhi ya sindano zilizotumika kutibu kifua kikuu, na wengine hurithi tatizo katika familia. Yaani unaweza kuwa hujafanya kosa lolote.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba zaidi ya vijana bilioni 1 duniani wamo hatarini kupoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya kusikiliza sauti kwa njia isiyo salama. Mwongozo wao ni kwamba sauti ya desibeli 80 unaweza kuisikiliza kwa saa 40 kwa wiki. Ikipanda hadi desibeli 90, muda unashuka hadi saa 4 tu kwa wiki. Sasa piga hesabu yako: visikizi masikioni kutoka asubuhi, matatu mara mbili kwa siku, klabu Ijumaa, na kanisani Jumapili spika ziko mbele yako.

Sisemi tuzime nganya. Ni sanaa yetu na ajira ya wenzetu. Lakini fikiria makanga anayeshinda mlangoni, spika zikimpigia mgongoni. Kanuni za 2005 za kudhibiti kelele kazini zinasema mfanyakazi asikae kwenye kelele inayozidi wastani wa desibeli 90 kwa saa nane kwa siku. Kuna pia kanuni za mazingira za 2009 kuhusu kelele. Karatasi tunazo. Ni nani amewahi kuingia ndani ya matatu na kipimo kuangalia masikio ya huyo makanga?

Mimi nilienda kupimwa baada ya kisa cha nyanya. Kwanza daktari alichungulia masikio kuona kama ni nta tu, maana nta ikijaa inaweza kuziba sauti na kuleta mlio, na kuisafisha kwa njia sahihi humaliza tatizo. Yangu haikuwa nta. Niliingizwa kwenye kijichumba kisichopitisha sauti, nikavalishwa visikizi, nikapewa kitufe nibonyeze kila niskiapo mlio, hata ukiwa mdogo kiasi gani. Kuna wakati nilikaa kimya muda mrefu hadi nikadhani mashine imeharibika. Haikuwa imeharibika.

Matokeo huja kama grafu. Yangu ilienda sawa upande wa sauti nzito, ikatumbukia karibu na hezi 4,000, mahali ambapo madhara ya kelele hupenda kuonekana kwanza. Mtaalamu alinieleza kitu ambacho kilinipa jibu la maisha yangu. Irabu zina nguvu, kwa hivyo nazipata. Konsonanti kama s, f, t na k ni nyepesi na nyingi huishi huko juu nisikofika. Ukisema "saa", "faa", "taa" au "kaa", mimi napata "aa" na kukisia iliyobaki. Kiswahili chetu kimejaa irabu, kwa hivyo nilikuwa naskia wimbo wa maneno bila maneno yenyewe. Ndiyo maana nilikuwa nasema, "Naskia lakini sielewi," na watu wananicheka.

Kuhusu mlio, alinieleza hivi: sikio likiacha kutuma sauti fulani, ubongo huongeza nguvu ukizitafuta, na huenda kelele hiyo ya kutafuta ndiyo tunayoiskia. Hakuna kidonge cha kuuondoa kabisa. Lakini kwa wengi waliopoteza usikivu, kifaa husaidia, kwa sababu ubongo unapata sauti halisi za kushughulika nazo. Kwa hivyo anayekuuzia mafuta ya kudondoshea sikioni kwamba mlio utaisha kwa siku tatu, muulize aanze na ya kwake.

Kisha nikaambiwa bei: shilingi 60,000 kwa sikio moja, na ninahitaji masikio mawili. Nilipouliza kama bima yangu ingelipa, jibu lilikuwa hapana. Mamangu alikopa kwenye chama chake, mimi nikauza kamera niliyokuwa nikitumia kupiga picha za harusi, tukanunua kimoja. Kiko sikio la kulia.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kukabili vikwazo vya ulemavu wake. Haki hiyo kwangu ilikuwa na bei ya kamera na deni la chama. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kutoa vifaa saidizi, na anayestahili aombe bila kuona haya. Lakini kuna mtu wa katikati, asiyejiita mlemavu, asiyejua hata pa kuanzia, ambaye anaskia nusu na kulipa ushuru mzima. Huyo tumemsahau.

Bei hiyo inatusukuma kwa wauzaji wa barabarani na mitandaoni. Kuna vidude vya shilingi elfu mbili vinavyouzwa kama vifaa vya kusikia. Vingi vinapandisha kila sauti kwa pamoja, ile unayoihitaji na ile inayokuumiza. Kifaa cha kweli hupangwa kufuata grafu yako: kinapandisha pale ulipopungukiwa na kuacha pale ulipo sawa. Ni tofauti ya kushonewa suti na kuokota koti la mtu mwingine Gikomba ukitumaini litakutosha.

Na tusidanganyane, kifaa hakirudishi masikio ya zamani. Siku ya kwanza nilitaka kukivua. Karatasi ya plastiki ilipiga kelele kama moto wa kuni. Niliskia viatu vyangu, funguo, maji ya choo cha jirani. Ubongo unahitaji wiki kadhaa kuzoea. Mahali penye watu wengi bado nahangaika, na betri ndogo ninazotumia lazima nibadilishe mara kwa mara. Lakini mvua ya kwanza kunyesha juu ya mabati nikiwa nimekivaa, nilikaa kitandani nikasikiliza tu. Na mlio wa usiku umeshuka, ingawa haujaisha.

Kuna watakaosema nchi hii ina shida kubwa kuliko masikio ya vijana wa mjini. Nawajibu kwamba asiyeskia mhadhiri anaacha chuo, asiyeskia maswali ya mahojiano hapati kazi, na asiyeskia wenzake anajitenga hadi anabaki peke yake. Shida hizo kubwa zinaanzia wapi? Wala sisemi uziwi ni laana. Jamii ya viziwi ina lugha yake ya ishara, inayotambuliwa na Katiba hiyohiyo. Ninayemzungumzia ni yule anayeishi katikati, bila lugha ya ishara na bila sauti.

Serikali ya kitaifa na kaunti zianze na mambo matatu. Kipimo cha masikio kipatikane katika hospitali za kaunti kwa bei ambayo mtu wa kibarua anaimudu. Bima ya umma ilipie kifaa kama kitu cha lazima, na ilipie masikio yote mawili. Kanuni za kelele zitekelezwe mahali watu wanapofanya kazi, kuanzia jua kali hadi kwenye matatu, bila kugeuzwa kuwa njia ya kuomba hongo.

Nawe msomaji, sehemu yako ni hii. Simu nyingi zina mpangilio wa kuweka kikomo cha sauti, uweke leo. WHO wana programu ya bure iitwayo hearWHO ya kujipima kwa simu. Haichukui nafasi ya daktari lakini itakuamsha. Ukiona unaongeza sauti ya televisheni wengine wakilalamika, au mlio umekaa zaidi ya siku chache, kapimwe. Na ikitokea sikio moja limezima ghafla, usingoje mwisho wa mwezi. Nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu matibabu yake hufaa zaidi yakianza mapema.

Rafiki yangu tulishaelewana. Nilimwonyesha ile grafu, akaiangalia kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe." Tangu siku hiyo akipanda nganya na mimi anakaa kulia kwangu.

Hilo ndilo jambo la mwisho ninaloomba, na halihitaji bajeti. Mtu akikuomba urudie ulichosema, usimwambie "wacha tu, si muhimu". Sisi tuliokosa maneno tunajua huwezi kupima umuhimu wa jambo kabla hujaliskia. Rudia tu.